Explorer 45 na Bahari ya Ngomeni
Setilaiti ya Marekani Explorer 45, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1971 kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilikusudiwa kuchunguza magnetosfia, yaani eneo ambamo usumaku wa Dunia hutawala mwendo wa chembe zenye chaji ya umeme. Pwani hiyo ya Kenya, iliyo karibu na ikweta, ilifaa mno, kwa kuwa mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia juu ya ikweta, ambao hupata nguvu wakati wa dhoruba za sumaku, hupimwa vyema na chombo kinachopita karibu na ikweta yenyewe. Setilaiti hiyo ilizimwa mwaka 1974, ikateketea angani mwaka 1992, na historia ya sayansi ya Kenya isiyoitaja ina pengo.