Gavana, Jimbo na Spika: Kuisoma Serikali ya Marekani Tukiwa Nyanda za Juu Kusini



Redio ikitangaza kwamba gavana wa jimbo fulani la Marekani amempinga Rais wake, mzee wa Kalenga, Iringa, na binti wa kidato cha tano kule Mbeya hawalielewi neno gavana kwa namna moja. Mzee anamkumbuka Gavana Edward Twining, aliyefika Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kukabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Gavana yule aliteuliwa London. Hakuna Mhehe aliyempigia kura. Binti anamjua Gavana wa Benki Kuu. Gavana wa Marekani ni mtu mwingine kabisa: amechaguliwa na wakazi wa jimbo lake, na Rais hawezi kumfukuza. Hapa Tanzania, Mkuu wetu wa Mkoa huwekwa na Rais na huondolewa na Rais. Wakenya, ambao tangu 2013 wanachagua magavana wa kaunti zao 47, habari hiyo huwaingia upesi.

Na jimbo je? Jimbo Katoliki la Iringa lina askofu. Jimbo la uchaguzi lina mbunge. Wazee wetu walitawaliwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini chini ya Waingereza. Majimbo 50 ya Marekani yana katiba zake, mabunge yake, mahakama zake na kodi zake.

Ndiyo maana nasema kumkaririsha mwanafunzi orodha ya vyeo ni kumpotezea muda. Aulize kwanza: mtu huyu amewekwa na nani, na nani anaweza kumtoa? Akishajua hilo, jina la cheo halitamsumbua.

Mkoa wa Iringa una mfano bora wa kuanzia. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ndiye aliyelipokea fuvu lile akiwa chifu. Mwaka 1962 alikuwa Spika wa Bunge, na ukiondoa miaka ya 1973 hadi 1975 alikikalia kiti hicho mpaka 1994. Mbeya nayo ilipata zamu: Dkt. Tulia Ackson, akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, alichaguliwa Spika Februari 2022. Kwetu Spika ni mwamuzi wa mjadala, na Katiba inaruhusu hata asiyekuwa mbunge kuchaguliwa. Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani ni kiongozi wa chama chenye wajumbe wengi, hupigania ajenda ya chama hicho waziwazi, na Rais na Makamu wake wakikosekana, yeye ndiye hushika urais. Anayemsikiliza kwa sikio la Bunge la Dodoma atadhani amevunja kanuni, kumbe anafanya kazi yake.

Suala la Rais kuukataa muswada lina uzito zaidi, nami nataka tulikazie macho. Rais wa Marekani akikataa muswada kwa kura ya turufu, theluthi mbili za kila baraza la Kongresi, yaani bunge lao, zinaweza kuufanya sheria bila yeye. Fungueni sasa Ibara ya 97 ya Katiba yetu ya 1977. Rais akiurudisha muswada, na theluthi mbili ya wabunge wote wakauunga mkono tena ndani ya miezi sita, anazo siku 21 za kuukubali. Asipoukubali, analivunja Bunge. Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho huwa wazi, na wote hurudi kwa wapiga kura. Kule Bunge linamshinda Rais; huku mgogoro unapelekwa kwa wananchi. Mwanafunzi anayeijua kura ya turufu ya Washington asiijue Ibara ya 97 ameelimishwa nusu.

Tofauti nyingine ni kubwa vilevile: mawaziri wetu wanatoka bungeni, wakati Katiba ya Marekani inamkataza mjumbe wa Kongresi kushika wadhifa serikalini. Na urais kule hupatikana kwa kura 270 kati ya 538 za wajumbe wa uchaguzi. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura nyingi zaidi za wananchi akashindwa.

Walimu wangu, Katiba yetu imeandikwa kwa Kiswahili. Iwekeni mezani, kila mwanafunzi aishike kwa mkono wake, kisha ndipo mfungue somo la Marekani.