HOTUBA YA MWENYEKITI: SAFARI YA MELI NA UGOMVI WA DARAJA

  Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Taarifa ya fedha ameshaisoma mweka hazina. Sisi tumeombwa tuseme juu ya ile safari ya meli ya mwaka 2022, maana hadi leo watu wa Hombolo wanatuuliza: hivi akina mama wa kisanduku walifuata nini ziwani, na hela ile si ingefanya jambo la maana? Tutaeleza kama ilivyokuwa.

Maneno yalianzia kwenye kikao cha mwaka 2019. Mmoja wetu alisema tangu tuanze kuweka akiba, fedha zote zinakwenda kwenye ada, mabati, mbegu za alizeti na hospitali, hakuna hata senti moja iliyotupumzisha sisi wenyewe. Maji mengi tuliyowahi kuyaona, wengi wetu, ni bwawa letu la hapa Hombolo. Tukakubaliana kuweka shilingi 5,000 kila mwezi nje ya hisa, kwa miaka mitatu, yaani shilingi 180,000 kila mtu.

Wengine walitaka Kigoma, kwa kuwa treni inapita hapa hapa Dodoma, tukapande Liemba. Lakini Liemba ilikuwa imesimama ikingoja matengenezo. Tena aliyetusimulia habari zake alisema ni meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924. Bibi mmoja akauliza, "Kumbe imeshazama? Basi tutafute nyingine." Tukacheka wote isipokuwa mwenzetu mmoja.

Huyu kwao ni Bukoba, ameolewa hapa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, dada yake alikuwa ndani, na mwili wake haukupatikana. Tangu siku ile mwenzetu akienda kwao hupita nchi kavu, anazunguka na basi Geita na Biharamulo. Lakini ndiye aliyesema twende Mwanza, tupande meli mpaka Bukoba. Alisema peke yake hawezi, na sisi ataweza. Baada ya hapo Kigoma haikutajwa tena.

Meli tuliyokusudia ni MV Victoria, ya tangu miaka ya 1960, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa ikarudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Safari yake ilikuwa ya usiku kucha, kufika Bukoba asubuhi. Sasa hapo ndipo ugomvi ulipoanza, tulale wapi? Daraja la kwanza ni chumba cha watu wawili, una kitanda na mlango wako. Daraja la pili lina la kulala na la kukaa. La tatu ni kukaa. Na nauli ya la kwanza ilizidi ya la tatu zaidi ya mara mbili.

Mtu mmoja, kwa nia njema, akapendekeza viongozi watatu walale daraja la kwanza, wanachama wakae la tatu. Tuseme kweli mbele ya wageni: sisi viongozi tulinyamaza. Tulilitaka. Ni yule bibi aliyesimama akauliza, "Kisanduku chetu kina kufuli tatu, na funguo hazishiki mwenyekiti. Kwa nini leo ashike ufunguo wa chumba?" Jamani, siku ile hatukuwa na pa kuficha nyuso.

Mkwe wa mmoja wetu aliwahi kufanya kazi Unguja, karibu na bandari wanakoshukia watalii wa meli kubwa. Akatuambia hata Wazungu wanagombana na mambo haya: chumba chenye dirisha ni ghali kuliko kisicho na dirisha, na wengine hulipia dirisha halafu wanashinda nje. Akatushauri mtu mwenye kichefuchefu akae katikati ya meli, maana pale panayumba kidogo kuliko mbele na nyuma, na mwenye usingizi mwepesi akae mbali na injini. Ushauri huo haukutugharimu kitu, na ulitufaa kuliko mengine yote.

Mwisho tuliamua hivi. Tuliokwenda tulikuwa 22. Tulikodi vyumba viwili vya daraja la kwanza, vitanda vinne, gharama tukagawana wote sawa. Kitanda kimoja cha bibi mwenye magoti, kimoja cha mwenzake wa kumsaidia, kimoja cha mama anyonyeshaye, kimoja cha huyu wa Bukoba. Waliobaki 18, viongozi tukiwamo, daraja la pili la kukaa.

Tulisafiri baada ya kuvuna zabibu. Mwanza tulilala usiku mmoja, na asubuhi tukapanda daladala hadi Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba. Mwenzetu alikaa chini muda mrefu. Hatukumsemesha. Halafu akajipangusa vumbi, akasema twendeni bandarini.

Usiku ule hakulala kwenye kitanda tulichomlipia. Mlango ulipofungwa tu alitoka, akaja kukaa katikati yetu, kanga mbili mabegani, akishika mkono wa aliye karibu. Kitanda kikabaki kitupu. Basi tukakilala kwa zamu, saa moja moja, kila aliyechoka anakwenda anajinyoosha kisha anamwamsha anayefuata. Kulipopambazuka mwenzetu aliona milima ya kwao kabla yetu, akatuamsha wote kwa vigelegele.

Je, hela ilistahili? Kwa chumba, tunajibu hapana kwa mtu mwenye afya, ni usiku mmoja tu. Kwa magoti ya bibi, ndiyo. Kwa safari nzima hatujakubaliana mpaka leo. Kuna mwenzetu hakwenda, alichukua shilingi 180,000 zake akanunua mbuzi watatu, na sasa ana 11. Kila tukisimulia ziwa, yeye anatuhesabia mbuzi. Na mahesabu yake ni ya kweli, hatuwezi kuyapinga. Lakini yule wa Bukoba mwaka uliofuata alikwenda kwao kwa meli peke yake, na hilo nalo hatujui tulihesabu kwa kipimo gani.

Kisanduku cha safari kimefunguliwa tena. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, akina mama wanataka Dar es Salaam, halafu boti mpaka Unguja. Shilingi 5,000 ya kwanza ameitoa mwenye mbuzi, ila amesema wazi chumba hataki. Tukamwambia boti ya Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi, vyumba vya nini?