Bundi Hana Elimu ya Ghaibu

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya Sala ya Isha)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Sahaba zake wote. Amma ba'd.

Ndugu zetu katika imani, jambo tunalotaka kukumbushana usiku huu linahusu itikadi, ingawa limeanzia darini. Katika dari ya ghala la madrasa yetu bundi ametaga na kuangua makinda. Habari ilipoenea, tulijiwa na watu wa namna tatu. Wa kwanza walitaka kiota kichomwe. Wa pili walishauri aitwe mganga. Wa tatu, na hao ndio waliotuhuzunisha zaidi, walinong'ona kwamba ndege huyo katumwa na bibi kizee jirani, kwa kuwa anaishi peke yake na macho yake ni mekundu. Tumeona ni wajibu kulisema jambo hili hadharani kabla halijazaa madhara.

Kwanza, tulitazame neno lenyewe. Waswahili husema "ndege mbaya" wakikusudia dalili ya shari. Waarabu nao huita itikadi hiyo tiyara, neno litokanalo na tayr, yaani ndege. Zama za Jahiliyya mtu akitaka kusafiri humshtua ndege. Akirukia kulia huendelea na safari, akirukia kushoto hurejea nyumbani. Katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliikanusha tiyara, na papo hapo akaikanusha hama. Imam An-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametaja maana mbili za hama. Moja ni roho au mifupa ya maiti iliyodaiwa kugeuka ndege. Ya pili ni bundi, ambaye akitua juu ya nyumba, mwenyewe hudhani ametangaziwa kifo chake au cha jamaa yake. Angalieni basi: yanayosemwa mitaani kwetu leo yalikwishabatilishwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita!

Pili, tujue mwisho wa itikadi hii. Kaumu ya Thamud walimtupia Nabii Saleh (A.S.) nuksi yao (27:47), na watu wa Firauni wakamtupia Nabii Musa (A.S.) (7:131). Anayeamini nuksi hana budi kumtafuta wa kumbebesha. Huanza na ndege, akaishia kwa binadamu. Hapa nchini Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo aghalabu ni athari ya moshi wa kuni wa miaka mingi, yakafanywa ushahidi. Tutamjibu nini Allah (S.W.) ikiwa damu itamwagika kwa mnong'ono wetu?

Tatu, tumtazame ndege mwenyewe. Hutaga yai moja moja, kwa kupitisha siku mbili tatu, na huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Ndiyo maana makinda hawalingani kwa kimo. Jike huatamia kadiri ya mwezi mmoja, na dume humletea chakula. Ule mkoromo uliodhaniwa kuwa ni wa jini ni makinda wakidai chakula. Chini ya kiota tumeokota matonge ya manyoya na mifupa anayoyatapika. Tulipopasua moja mbele ya wanafunzi, tulikuta mafuvu matatu ya panya, wale wale wanaotoboa magunia na kutafuna juzuu za watoto.

Wala mtu asiondoke hapa akisema kwamba bundi analeta baraka. Hilo nalo ni kumpa asichopewa. Yeye ni kiumbe katika umma miongoni mwa umma za viumbe, kama ilivyotajwa katika Suratul An'am (6:38).

Huenda mtu akauliza: mbona alilia na mgonjwa akafa? Tunajibu: bundi hulia nyusiku nyingi ambazo hafi mtu, nazo huzisahau. Tena nyumba yenye mgonjwa hukesha, ikausikia mlio ambao wengine huwapita usingizini.

Na anayeshtuka moyoni asikate tamaa. Ibn Mas'ud (R.A.), aliyepokea kwamba tiyara ni shirki, alieleza kuwa wasiwasi humjia kila mmoja, lakini Allah huuondoa kwa tawakkul. Kosa ni kuufuata.

Kwa hiyo tunanasihi: kiota kisiguswe mpaka makinda waruke, kiasi cha miezi miwili tangu kuanguliwa, wazazi wawanyang'anye watoto manati, mganga asiitwe. Na bibi yetu asalimiwe, apelekewe chakula, ajue kuwa ana majirani Waislamu.

Tunamuomba Allah (S.W.) azisafishe nyoyo zetu na ushirikina, azihifadhi ndimi zetu na dhulma, na atujaalie tumtegemee Yeye peke yake. Amin.