Breki za Mbele: Pedi Mpya Pekee Hazitoshi

Wakazi wa Kayole, Umoja na Kariobangi, Land Cruiser au Land Rover kuukuu ni gari zito. Likishindwa kusimama kwenye Barabara ya Jogoo, anayeumia kwanza ni mwenda kwa miguu.

Gari likivuta upande mmoja breki inapokanyagwa, wenye magari wengi hukimbilia kununua pedi. Mara nyingi ubovu uko kwenye kalipa: pistoni imeshika kutu kwa matope na maji, haisukumi sawasawa wala hairudi. Gurudumu moja huwa moto kuliko mwenzake, na pedi za upande huo huisha mapema.

Dawa ni kufungua kalipa za pande zote mbili. Pistoni yenye vishimo vya kutu hubadilishwa, haipigwi msasa, na sili zote huwekwa mpya. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika, fundi anapoosha kalipa kwa petroli au dizeli kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Mafuta hayo hufurisha raba, na breki hunata tena. Kalipa huoshwa kwa spiriti, na sili hupakwa mafuta mapya ya breki. Ya chupa iliyokaa wazi yamekwisha kunyonya unyevu.

Vumbi la breki lisipulizwe, kwani pedi za zamani huenda zina asbesto. Unene wa diski upimwe. Kisha hewa itolewe yote: kanyagio likibonyea kama sponji, gari lisitoke gereji.