Somo la Leo: Safari ya Kigoma na Saa ya Tikiti

Juma lililopita tulisoma namba mpaka 24. Leo tutazitumia safarini. Tuseme unatoka Dar es Salaam, unakwenda Kigoma.

Njia ya zamani ni reli. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, nayo ina urefu wa kilometa 1,250 hivi. Inapita Morogoro, Dodoma na Tabora. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, lakini stesheni zake ni nyingine. Basi soma jina la stesheni kwenye tikiti kabla hujamwita mchukuzi. Tabora ni njia panda: reli moja yaenda Kigoma, nyingine Mwanza. Ukishuka hapo kununua chakula, uliza na usome kabla ya kupanda tena. Usifuate watu tu. Huenda wao wanakwenda Mwanza.

Sasa barabara. Mjomba wangu alikuwa Kigoma, akapata habari kwamba dada yake amefariki Tabora. Alikata tikiti ya basi. Tikiti iliandikwa 06.00. Mjomba aliijua namba sita, akasema, "Naam, saa sita." Akaja kituoni adhuhuri na mzigo wake. Basi lilikuwa limekwisha kuondoka alfajiri. Alipofika Tabora kesho yake alikuta kaburi limekwisha kufukiwa.

Tikiti haikusema uongo, wala mjomba hakuwa mjinga. Sisi twahesabu saa tangu jua kuchomoza. Tikiti yahesabu tangu usiku wa manane. Fanyeni hivi. Namba ikizidi 12, toa 12. Kisha itazame iliyobaki: ikizidi 6, toa 6; ikiwa 6 au chini yake, ongeza 6. Tujaribu 15.00. Toa 12, inabaki 3. Ongeza 6, unapata 9. Ni saa tisa mchana. Na ile 06.00 ya mjomba? Ongeza 6, ni saa kumi na mbili asubuhi.

Tena jua la Kigoma huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam, kwa dakika 40 hivi, ingawa saa ni moja nchi nzima. Saa kumi na mbili asubuhi Kigoma bado ni giza. Ukingoja kupambazuke, basi litakuacha.

Kwa ndege ni safari ya saa chache tu, na saa ya tikiti husomwa vivyo hivyo. Hakikisha jina lako kwenye tikiti ni sawasawa na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mzigo wako utabandikwa karatasi yenye herufi TKQ. Usishtuke ukikosa kuona neno Kigoma, wala usidhani T ni ya Tabora. TKQ ndiyo alama ya kiwanja cha Kigoma; ya Tabora ni TBO. Ukiona TBO, sema mapema, kabla mzigo haujachukuliwa.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni kwa maneno, kwa saa yetu ya Kiswahili: 05.00, 14.00, 21.00. Msisahau kuandika kama ni alfajiri, mchana au usiku. Mwalimu wenu atasahihisha.