Chupa ya Maji Ndiyo Shahidi

Mwezi Mei 2015, wananchi wa Thange, karibu na Kibwezi nchini Kenya, waliona mto wao umechafuliwa na mafuta yaliyovuja kutoka katika bomba la Mombasa hadi Nairobi.

Mafuta yanapozama ardhini, jicho halitoshi. Maji yanayoonekana safi yaweza kuwa na benzeni, kemikali iletayo saratani. Kwa hiyo mpimaji hupima kwanza kina cha maji na unene wa mafuta yanayoelea katika kisima cha uchunguzi. Huyatoa maji yaliyotuama, yaingie mapya. Chupa ya kioo huijaza pomoni, bila kiputo cha hewa, maana benzeni huruka kama mvuke. Udongo nao haukorogwi, bali hufungwa mara moja. Glavu hubadilishwa kila mahali. Sampuli huwekwa katika barafu, na kila anayeipokea hutia sahihi.

Askari anajua kwamba kielelezo kilichoshikwa ovyo hukataliwa mahakamani. Lakini sampuli iliyoharibika huzidi hasara ya kesi: huwaruhusu wananchi kunywa sumu kwa jina la maji safi.