Anayetaka Utawa Aulizwe Mwenyewe



Katika barua zilizonifikia juma hili imo moja ya msichana wa Ngerengere, mkoani Morogoro. Ana umri wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na anasema kuwa kwa miaka miwili sasa moyo wake unamtuma kuingia utawa. Mama yake amefurahi, kwani kwake kuwa na mtoto sista ni baraka na heshima. Mjomba wake amekataa katakata. Mwishoni mwa barua binti huyu anauliza: "Nitajuaje kama huu ni wito, au ninaogopa maisha tu?"

Jina lake nimelihifadhi. Mimi si padre wala mlezi wa masista. Kazi yangu ni habari. Hata hivyo swali lake linagusa nyumba nyingi, mijini na vijijini, na si vibaya tukilizungumza hadharani.

Tuanze na mjomba, maana ndiye mwepesi wa kulaumiwa. Kwa desturi ya Waluguru, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mashamba ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Kijana wa kiume akienda seminari, ukoo wake haupungukiwi sana, kwa sababu watoto ambao angewazaa wangekuwa wa ukoo wa mkewe. Lakini binti akienda utawani, tawi zima limekoma. Kwa hiyo mzee huyu si adui wa dini. Anahesabu watu wake, na hesabu yake ni sahihi. Anastahili kuketishwa na kuelezwa kwa adabu, wala asipigwe na habari siku ambayo sanduku la binti limekwisha kufungwa.

Pamoja na hayo, mjomba naye atazame historia ya nyumbani kwake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1882 wakafungua misheni ya Morogoro. Mwaka 1937 Askofu Bernard Hilhorst alianzisha Shirika la Masista wa Moyo Safi wa Maria, ambalo makao yake yako Mgolole, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Tangu hapo mabinti wa Kiafrika wamekuwa wakiingia kwenye shirika hilo, na koo za Uluguru hazijafutika. Masista hao wamelea yatima, wamefundisha na wameuguza wagonjwa. Watoto wa watu wengine wamepata mama kwao.

Sasa nije kwa mama, ambaye huenda akashangaa nikisema kuwa furaha yake inanitia wasiwasi kuliko hasira ya mjomba. Mama akishatangaza kwenye jumuiya kwamba mwanawe anakwenda kuwa sista, majirani wakachanga, kitenge kikanunuliwa na picha ikapigwa, binti amekwisha kufungwa kabla hajaweka nadhiri yoyote. Atakapogundua huko kwamba maisha yale si yake, atarudi kwa uso gani?

Kanisa lenyewe linaliona jambo hili. Sheria zake za mwaka 1983 zinasema wazi kwamba mtu asishurutishwe katika kuchagua hali ya maisha. Anayepokewa unovisi kwa nguvu, kwa vitisho au kwa hila, kupokewa kwake ni batili. Anayeanza unovisi lazima awe ametimiza miaka 17. Unovisi wenyewe hauwi chini ya miezi 12, na mnovisi ana uhuru wa kuondoka wakati wowote. Baada ya hapo hufuata nadhiri za muda, zisizopungua miaka mitatu. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya kutimiza umri wa miaka 21. Kabla ya unovisi kuna uaspiranti na upostulanti, ambao kila shirika lina utaratibu wake. Usione vyaelea, vimeundwa. Miaka hiyo yote imewekwa ili shirika limpime binti, na binti alipime shirika.

Kwa hiyo, mwanangu wa Ngerengere, huhitaji kujua yote leo. Jiulize kwanza unakimbia nini. Kama ni kwa sababu matokeo ya mtihani hayakuwa mazuri, au nyumbani hakuna ada ya chuo, au kuna mwanamume aliyekuumiza, hayo ni mambo mazito na yanastahili kupatiwa ufumbuzi wake. Utawa hautayaponya. Nyumba ya masista ina jembe, jiko, ratiba ya alfajiri na mkubwa wa kutiiwa. Aliyeingia kwa kukimbia kazi ataikuta inamngoja mlangoni.

Kisha jiulize unavutwa na nini. Kama ni weupe wa vazi, ngoja kwanza. Kama unapenda sala hata usipoonekana, unaweza kukaa na watu usiowachagua, na ukimwona mwenzako amebeba mtoto mgongoni unamfurahia bila kumdharau wala kuyakimbia maisha yake, basi endelea kutafuta. Kutoka Ngerengere hadi Morogoro mjini si safari ya kulala njiani. Omba ruhusa ya kuwatembelea masista siku ya kazi, siyo siku ya jubilei. Waone wakifua, wakichoka, wakitofautiana na kupatana. Waulize wanaugua wapi na wanazeeka vipi. Sista mwema hatakasirishwa na maswali hayo.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi wengine. Tunao katika mitaa yetu mabinti waliotoka utawani, nasi tumewapa majina mabaya. Wengine huona afadhali kuhamia mji wa mbali kuliko kurudi kwa wazazi. Sheria ya Kanisa inasema kuwa anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya shirikani, lakini inaliagiza shirika limtendee kwa haki na upendo. Ikiwa shirika limeagizwa hivyo, mzazi anasubiri kuagizwa na nani? Kitanda cha binti kisigawiwe, na nafasi yake shambani ibaki. Akijua kwamba mlango wa nyumbani u wazi, atakapofika siku ya nadhiri za daima na kusema "ndiyo", ndiyo hiyo itakuwa yake mwenyewe, na hata mjomba ataweza kuisikia.